Feri Ibaki ya Waenda kwa Miguu: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Bandari ya Kenya

Kwa Mwenyekiti, wanachama wa Bodi na mameneja wa Mamlaka ya Bandari ya Kenya, Mombasa.

Waheshimiwa,

Huenda mkajiuliza mkazi wa Majengo, Nairobi, ana haja gani na feri ya Likoni, karibu kilomita 500 kutoka Gikomba. Haja ipo, tena ya damu. Mtaa wetu huu, tangu ulipoanzishwa karne moja iliyopita, umekuwa na watu wenye jamaa Pwani. Kwetu shangazi yuko Likoni, binamu wako Ukunda, na babu amezikwa Msambweni. Shule zikifungwa, akina mama wa Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati na Kayole hufunga mizigo wakapanda basi la usiku, au wakaenda Syokimau kupanda Madaraka Express. Wakishafika Mombasa, safari haijaisha. Lazima wavuke maji. Na kwa kuwa hawana gari, wanavuka kwa miguu, mtoto mgongoni, begi kichwani, wakiwa wamebanwa katikati ya umati ambao wenyeji wa Likoni wanaishi nao kila asubuhi na kila jioni.

Kuna uhusiano mwingine ambao wengi wameusahau. Kabla ya Kenya Ferry Services kuundwa mwaka 1989, feri za Likoni ziliendeshwa na Kenya Bus Services, jina lile lile lililotubeba sisi wa Eastlands vizazi na vizazi kwenda mjini na Viwandani. Kwa hiyo tunaujua usafiri wa umma kwa ndani. Tumeuona ukiwa hai na tumeuona ukifa.

Ninawaandikia ninyi kwa sababu feri sasa ziko chini yenu, na kwa sababu jambo kubwa limetokea ambalo sijasikia likijadiliwa inavyostahili. Mwaka 2024 barabara ya Dongo Kundu ilikamilika hadi upande wa Kwale. Leo gari likitoka Miritini linavuka madaraja ya Mwache na Mteza, likatokea kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga bila dereva kuiona feri. Ni kazi nzuri na iliyochelewa mno. Watalii wa Diani wamefurahi, wenye malori wamefurahi, nami nimefurahi pia, maana basi la kutoka Nairobi linaweza kwenda moja kwa moja hadi Ukunda.

Lakini fikirini nani amebaki feri. Kwa miaka mingi takwimu zilizokuwa zikitajwa ni watu 300,000 na magari 6,000 kwa siku. Hata tukisema kila gari lina watu watano, hao ni 30,000, yaani mmoja kati ya kumi. Tisa waliobaki wanatembea. Kibarua wa bandarini, muuza samaki, mwanafunzi, mgonjwa anayekwenda hospitali kuu upande wa kisiwani: hakuna hata mmoja wao ambaye Dongo Kundu imempunguzia lolote, kwa sababu hakuna anayeweza kutembea mzunguko ule. Walioondoka ni wenye magari, na hao ndio waliokuwa wakilipa. Mwenda kwa miguu Likoni havuki kwa pesa. Kwa hiyo kila gari linalohamia barabara mpya linaondoka na nauli yake, na linaondoka pia na mtu ambaye simu yake kwa mkubwa fulani ilikuwa inapokewa.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Sisi wa Eastlands tumeshayaona haya. Mwaka 2022 barabara ya juu ilifunguliwa Nairobi kutoka Mlolongo hadi Westlands, na mwenye uwezo wa kulipa akapanda juu. Jogoo Road ilibaki vile vile, na foleni yake, na watu wanaotembea alfajiri kutoka Shauri Moyo kwenda Viwandani pembeni mwa barabara wakikwepa pikipiki. Aliyepita juu hana sababu ya kuiulizia ya chini. Na kabla ya hapo tuliyaona Mabasi ya Nyayo, shirika lililoanza mwaka 1986 kwa nauli nafuu. Yalipokelewa kwa vigelegele. Mabasi yalikuwepo, abiria walikuwepo; kilichokosekana ni usimamizi safi na pesa za vipuri, na katika miaka ya tisini shirika likaporomoka. Likoni hakuna matatu itakayojaza pengo feri ikiporomoka. Hakuna njia ya pili ya kutegemewa ya kuvuka Kilindini kwa miguu.

Sasa niseme ninachoona kinahitajika, nikianza na jambo ambalo watu hulidharau. Mkondo wa Likoni ni mwembamba, takriban nusu kilomita. Feri ikishaondoka, dakika chache tu iko ng'ambo. Muda unaopotea unapotelea nchi kavu: magari yanapopanda moja moja, umati unapozuiliwa getini kisha ukaachiliwa kwa pamoja, mlango wa feri unapotafuta pa kukaa kwenye mteremko wa saruji wakati maji yamekupwa. Ndiyo maana kununua feri kubwa zaidi hakujawahi kumaliza foleni. Feri kubwa inachukua muda mrefu zaidi kujaa na kumwaga watu kama njia ya kupandia ni ile ile moja, watu na magari pamoja. Mpangaji mzuri wa feri huanza na ardhi: gati, mteremko, uwanja wa kusubiri, kivuli, choo, mahali pa kiti cha magurudumu, na njia ya watu iliyotengwa kabisa na ya magari. Na kwa kuwa magari yanapungua, nafasi ya kufanya hivyo mnayo leo kuliko wakati wowote tangu feri ianze Likoni mwaka 1937. Saa za msongamano, asubuhi kuelekea kisiwani na jioni kurudi, tengeni feri zisizobeba gari hata moja isipokuwa ambulensi.

Mtu anayedhani huduma ya namna hiyo ni ya kimaskini aangalie New York. Feri ya Staten Island haitozi abiria nauli tangu mwaka 1997, inakwenda mchana na usiku, na haijabeba magari tangu mashambulizi ya Septemba 2001. Ni ya watu tu, na jiji hilo tajiri halijawahi kuionea haya. Inajulikana itaondoka lini, na mtu hupanga siku yake kwayo.

Feri iliyojaa watu watupu, hata hivyo, inataka uangalifu kuliko iliyojaa magari. Gari likishaegeshwa na kufungiwa magurudumu, linakaa. Mtu hakai. Akiona gati linakaribia anasogea mlangoni ili ashuke wa kwanza, na wenzake mia tatu wanasogea naye. Uzito wote unahamia upande mmoja kwa nusu dakika. Chombo kilichobeba kadiri ya uwezo wake kinastahimili, kilichozidishwa hakistahimili.

Hili halihitaji kuelezwa kwa nadharia, kwa sababu tumelizika kwa mikono yetu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, kivuko jirani na Likoni, ilipinduka mita 40 hivi kutoka nchi kavu. Ilikuwa na watu takriban 400, uwezo wake ukiwa 300. Walikufa 272. Mita 40 ni umbali ambao mtu aliye ufukweni anaweza kumtambua nduguye kwa sura. Miaka ishirini na minne baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ya Tanzania ilipinduka Ziwa Viktoria ikiwa inakaribia gati la kisiwa cha Ukara. Ilijengwa kubeba watu mia moja hivi. Waliopoteza maisha walikuwa 228. Siku hiyo ilikuwa siku ya soko. Nchi mbili, maji mawili tofauti, na kosa ni lile lile: hakuna aliyehesabu, au aliyehesabu hakuwa na nguvu ya kusema basi.

Waheshimiwa, mtu huyo wa kusema basi ndiye ninayemtaka Likoni na Mtongwe. Ninataka pawe na afisa getini, kila upande, mwenye mashine ya kuhesabia kila anayepita, na neno lake liwe la mwisho. Akifunga geti, nahodha asimpinge, meneja asimpigie simu, askari asimsukume, na mheshimiwa aliyechelewa mkutano asubiri kama muuza mahamri. Alindwe kwa kanuni iliyoandikwa kwamba hatafukuzwa wala kuhamishwa kwa kufunga geti mapema, na kwamba ataadhibiwa kwa kulifunga baadaye. Idadi inayoruhusiwa ichorwe ubavuni mwa kila feri kwa tarakimu kubwa zinazosomeka kutoka gatini, na idadi iliyopanda safari hiyo ionekane kwenye ubao pale pale. Umma ukijua hesabu, umma wenyewe utasaidia kuilinda. Mama aliyeona ubao umeandikwa kwamba feri imejaa hatalazimisha kupanda na mtoto wake.

Jambo hili linahitaji wakubwa wanaowajibika pia. Ile feri ya Staten Island niliyoisifu iligonga gati tarehe 15 Oktoba 2003, ikaua watu 11. Aliyekuwa usukani alipoteza fahamu, na nahodha hakuwepo karibu naye kushika usukani, ingawa utaratibu ulitaka wawepo wawili. Kesi haikuishia kwa mtu wa usukani. Mkurugenzi wa feri za jiji alifungwa kwa kutohakikisha utaratibu huo unafuatwa. Kwetu Afrika Mashariki, chombo kikizama, macho humgeukia kwanza nahodha. Aliyepanga zamu, aliyeahirisha matengenezo, aliyejua hesabu haifanywi, hao mara nyingi hawaitwi.

Nikigusa matengenezo nitakaa kidogo, maana hapa ndipo huduma nyingi za umma huuawa polepole bila mlio. Uwezo wa feri hauhesabiwi kwa majina yaliyo kwenye orodha. MV Likoni, MV Kwale, MV Jambo, MV Safari: majina mazuri. Uwezo ni feri zilizo majini zikifanya kazi saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumatatu. Zikiwa nne na moja ikazimika, robo ya uwezo imekwenda lakini msafiri hajapungua hata mmoja. Foleni haiongezeki kwa robo tu. Inaongezeka kila dakika inayopita, kwa sababu wanaofika ni wengi kuliko wanaovushwa, na ikifika saa mbili watu wamejaa hadi barabarani. Ndiyo sababu lazima iwepo feri ya akiba, iliyo tayari, yenye mabaharia wake, isiyopangiwa safari ya kawaida. Mhasibu ataiona imelala na kusema ni hasara. Mwelezeni kwamba kazi ya feri hiyo ni hiyo hiyo ya kusubiri.

Kila feri pia ina zamu yake ya kupandishwa chelezoni. Zamu hiyo iwe na tarehe, na tarehe itangazwe kwa umma mwaka mzima mbele. Feri isiyotangazwa zamu yake huahirishwa: mwezi huu kuna sikukuu, mwezi ujao bajeti haijapita, mwezi wa tatu injini inazima katikati ya mkondo na feri inachukuliwa na maji huku abiria wakipiga mayowe. MV Harambee ilikuwa miongoni mwa feri zilizonunuliwa mwaka 1990. Tarehe 29 Septemba 2019, feri hiyo ikiwa safarini, gari liliteleza kinyumenyume likatumbukia mkondoni, likiwa na mama na binti yake mdogo. Taifa zima lilisubiri siku 13 hadi walipotolewa. Miaka 29 ni mingi kwa chombo kinachofanya kazi usiku na mchana kwenye maji ya chumvi. Ninachouliza ni hiki: leo, kwa kila feri mliyo nayo, mwananchi anaweza kusoma wapi mwaka iliyotengenezwa, siku iliyokaguliwa mara ya mwisho, na siku itakayostaafu? Ibandikeni karatasi hiyo ndani ya feri yenyewe, kama matatu inavyobandika stika ya ukaguzi kwenye kioo.

Pesa zitatoka wapi? Msianze na mfuko wa mwenda kwa miguu. Wazo la kumtoza huwa halikosi kurudi, na linapaswa kukataliwa. Anayevuka Likoni kwenda kazini hatembelei kisiwa kwa starehe; ile ni barabara yake, na hakuna Mkenya anayetozwa kutembea barabarani. Zaidi ya hayo, mkondo anaouvuka ndio mlango wa bandari yenu. Meli ikiingia au ikitoka Kilindini, feri husimama ikaisubiri, na maelfu ya watu husimama nayo. Dakika zao ni sehemu ya gharama ya kila kontena linaloshushwa, ingawa haziandikwi popote. Ni haki basi mapato ya bandari yarudishe kitu. Tengeni fungu la feri katika bajeti yenu kila mwaka, lisilohamishwa kwenda kazi nyingine, na mlitangaze. Kenya Ferry Services ilikuwa ikihangaika na nauli ya magari na ruzuku ya serikali. Ninyi mna bandari. Kisingizio cha umaskini hakiwafai.

Kuna watakaosema tusubiri daraja. Daraja la kutoka kisiwani hadi Likoni limezungumzwa kwa miaka mingi, na likijengwa nitalishangilia. Lakini tazameni Dar es Salaam. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016, na hadi leo kivuko cha Magogoni kinajaa watu, kwa sababu aliye kwa miguu anataka njia fupi inayomfikisha mjini, na daraja liko mbali na hapo. Hata daraja refu la juu la Likoni, lililoinuliwa ili meli zipite chini yake, litamtaka mzee wa miaka sabini apande mwinuko mrefu juani. Feri itahitajika hata siku hiyo. Daraja la kuelea la Liwatoni, lililofunguliwa kwa waenda kwa miguu mwaka 2021 wakati wa korona, nalo lilibidi lifunguliwe kila mara kupisha meli. Palipo na bandari, feri ndiyo inayokubaliana na maji.

Nimetaja korona. Jioni ya tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, watu waliokuwa wakiharakisha kurudi nyumbani walijazana Likoni, na polisi wakawarushia vitoa machozi na kuwapiga. Waliopigwa walikuwa wamesimama mahali pekee ambapo mtu wa Likoni anaweza kusimama akitaka kufika kwake. Serikali ilipanga saa ya watu kuwa majumbani bila kupanga saa ya kuwavusha. Waliojua feri inavusha wangapi kwa saa ndio waliopaswa kuulizwa. Leo mnaojua ni ninyi, na siku nyingine amri kama hiyo ikija, semeni kabla haijasainiwa.

Mtongwe nako msikusahau. Huduma yake imekuwa ikisimama na kuanza tena tangu mkasa wa 1994, na kila inaposimama umati wake unahamia Likoni. Kuwaheshimu waliokufa pale ni kuwapa watoto wao feri salama na ya uhakika, ya kila siku, hata ikiwa ndogo.

Sisi wa huku hatuna kura Likoni wala Mtongwe, lakini tuna watu huko, na kila Desemba nusu ya mtaa wangu huteremka Pwani. Ninawaomba, kabla ya likizo ya Desemba hii, mbandike pande zote mbili za Likoni mambo manne: feri zilizo kazini na ya akiba, idadi inayoruhusiwa kwa kila moja, tarehe za chelezo za mwaka ujao, na cheo na namba ya simu ya ofisi ya afisa mwenye mamlaka ya kufunga geti. Tutakuwa hapo na watoto wetu na mizigo yetu, na tutasoma.

Wenu kwa heshima,

Mkazi wa Majengo, Pumwani
Nairobi